Onyo, Mstari wa Themanini na Nane

Mhina kaingia na flashi mfukoni.
Kaipakua kompaila mpya kwa bando lake mwenyewe
na anaisifu kama mtu aliyeoa juzi:
nyepesi, ina haraka, inasema kosa kwa adabu.
Mimi ninayo ya zamani.
Niliikuta humu ghalani, kwenye mashine ya ofisi,
pamoja na feni isiyogeuza shingo
na kalenda ya mwaka usiokumbukwa na mtu.

Ghala letu liko upande wa Gofu, nyuma ya reli.
Kazi yenyewe ndogo:
robota la mkonge linapanda mizani,
programu inasoma, inatoa uzito wa vyuma vya kufungia,
inachapa tiketi.
Mistari mia tatu na arobaini. Niliiandika mimi,
usiku, Chumbageni; umeme ukikatika, kwa kalamu.

"Lugha si ni ile ile," anasema Mhina, "tunagombea nini?"

Lugha ni ile ile.
Ila mashine haiijui lugha yetu, inamsikiliza mkalimani.
Na mkalimani, muulize karani wetu Bi Mwanakombo,
aliyekaa mahakamani Muheza miaka kumi na tisa
akigeuza Kibondei kuwa Kiswahili,
ndiye anayeamua kama mtu kanyamaza au kakiri.

Tukajaribu. Robota la mia nne na kumi na mbili.
Ya zamani: kilo mia mbili na hamsini.
Ya Mhina: kilo elfu thelathini na mbili na ushei.

Nilicheka mpaka wapagazi wakageuka.
"Haya, peleka bandarini robota lako, zito kama behewa!"
Mhina hakucheka.
Akapandisha maandishi polepole
akaweka kidole mstari wa themanini na nane,
ambapo kompaila yake ilikuwa imeandika onyo tangu asubuhi
nasi tukalipita kama tunavyopita ukuta ulioandikwa
USIKOJOE HAPA:

kigeu uzito_tupu kimetumika kabla ya kupewa thamani.

Mkono wangu huo.
Nilikipa jina, sikukipa kitu,
kama mtoto aliyeandikishwa shule bila daftari.
Miaka miwili kompaila ya zamani ilifika kwenye pengo lile,
ikakuta, kwa bahati, sifuri imelala ndani,
ikaichukua bila kuniuliza.
Miaka miwili bahati ile nikaiita uaminifu.

Hapa Tanga mizani ni neno la watu wawili,
mpima mkonge na mtunga mashairi.
Wote huhesabu. Wote huumbuliwa
na pale walipodhani hapana kitu.

Bwana Shemndolwa katoka ofisini, miwani kipajini:
"Ipi bei nafuu?"
Zote bure, bosi.
"Basi ipi inatoa mia mbili na hamsini?"
Nikaandika sifuri mahali pake. Herufi moja.
Sasa zote.
"Basi kelele za nini?" Akarudi kwenye simu yake.

Na kweli, ningesema nini?
Mizani ya Pongwe ina kijiubongo cha kale,
kinaelewa kompaila ya zamani tu;
ya Mhina haijui hata kama kipo.
Kwa hiyo kesho tiketi zitatoka kwa ile ile
iliyonifichia aibu, na mkonge utasafiri.
Mhina kachomoa flashi yake, kanuna kidogo,
kisha akairudisha mezani kwangu bila neno.

Nimeichukua nyumbani.
Nimeipa mistari yote mia tatu na arobaini
na nimeiambia isininyamazie chochote.
Maonyo sitini na moja.
Chai imepoa, jirani kazima redio,
kwenye mstari wa kumi na nne nimesahau kufunga faili,
kwenye wa thelathini nimelinganisha vitu viwili visivyo vya aina moja,
na hapa, sijui nilikuwa nawaza nini,
nimeandika neno "baadaye", basi.

Niko onyo la tisa.